NCHI NDOGO ILIYOPANGA DAFTARI ZAKE

Ndugu Wanachama,

Katika mikutano ya matawi iliyopita mlituuliza masuala ambayo hayakupata majawabu ya kutosha, kwa kuwa muda ulikuwa mfupi na maneno ya magunia, majamvi na bei yalikuwa mengi. Mliuliza: hii khabari ya kila mwanachama kupewa nambari yake moja, na kila shamba kuandikwa mara moja tu katika daftari moja, imetoka wapi? Ina faida gani kwa mwenye mikarafuu? Na baadhi yenu mkauliza lililo zito zaidi: khabari zetu zikisha kupangwa namna hiyo, nani atakayezichungulia?

Haya ni masuala ya watu wanaofikiri, na yanastahili kujibiwa kabla ya Mkutano Mkuu, maana huko ndiko jambo hili litakakopigiwa kura. Si vyema mtu kuinua mkono, wa kukubali au wa kukataa, kwa jambo asilolijua. Basi tumeona yafaa tuwaeleze khabari za nchi moja iliyolifanya jambo hili kwa taifa zima, ili mpime wenyewe. Nchi hiyo ni Estonia.

NCHI YENYEWE

Estonia iko kaskazini mwa Ulaya, pwani ya bahari ya Baltiki, ng'ambo ya Ufini. Ina visiwa zaidi ya 2,000, vingi vyao vidogo visivyokaliwa na watu. Hawana mkarafuu hata mmoja, kwani baridi ya huko haimwachi. Wao wana misitu, nafaka na ng'ombe wa maziwa. Watu wake wote, wa mijini na wa mashamba, ni milioni 1 na laki 3 na ushei. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Unguja na Pemba. Maana yake ni kwamba taifa hilo zima lina watu wachache kuliko visiwa vyetu. Kwa hivyo asitokee mtu akasema kuwa mambo haya ni ya madola makubwa.

Waestonia walijitangazia uhuru mwaka 1918. Mwaka 1940 nchi yao ikatiwa kwa nguvu ndani ya Dola ya Kisovieti, na uhuru wao hawakuurudisha mpaka tarehe 20 Agosti 1991. Walipoanza upya fedha zilikuwa chache na kazi zilikuwa nyingi. Kila wizara na kila ofisi ilikuwa na daftari zake na kompyuta zake, na kila moja ilikuwa na namna yake ya kuandika. Mtu yule yule aliandikwa katika ofisi ya wakaazi, akaandikwa katika ofisi ya kodi, akaandikwa hospitali, akaandikwa kwenye ardhi na kwenye magari. Akihama nyumba, ilimpasa kuzunguka kotekote kusema kwamba amehama. Na pale alipopasahau, aliendelea kukaa nyumba ya zamani.

Hali hii si ngeni katika vyama vya wakulima popote duniani. Tujitazame sisi wenyewe. Mna daftari ya wanachama, mna daftari ya mikopo ya magunia na majamvi, mna daftari ya miche, mna daftari ya mizani, na mna daftari ya malalamiko. Tuseme yuko mwanachama aitwaye Hamad Juma Hamad. Katika daftari moja ni Hamad Juma Hamad, katika ya pili ni Hamad Juma, katika ya tatu ni H. J. Hamad, na katika ya nne ni "Bwana Hamad wa mtaa wa juu", kwa kuwa karani wa siku ile alimjua. Na nani asiyejua kwamba katika visiwa vyetu akina Hamad Juma Hamad ni wengi hata katika mudiria mmoja? Mmoja amelipa mkopo wake na mwengine hajalipa. Karani mgeni atajuaje ni yupi?

ELIMU YA KUPANGA KHABARI

Kazi waliyoifanya Waestonia ina jina lake kwa wataalamu: usanifu wa khabari. Jina hilo lilivumishwa katika miaka ya 1970 na Mmarekani Richard Saul Wurman, ambaye kwa kazi yake alikuwa msanifu wa majumba. Yeye aliona kuwa khabari, kama nyumba, hutaka ramani kabla ya kutaka mawe. Kila khabari iwe na mahali pake. Mahali hapo pawe na jina moja linalojulikana na wote. Na pawe na njia ya kupafikia bila ya kupita pasipopasa.

Nyumba iliyojengwa bila ya mpango si kwamba haina vyumba. Vyumba inavyo, lakini mgeni akiomba maji ya kunywa hupitishwa chumba cha kulala. Ndivyo zilivyo ofisi nyingi. Khabari wanazo tele, ila anayezitaka hazipati, na asiyepasa kuziona huziona.

Wala tusidhani kwamba hekima hii yatoka Ulaya peke yake. Wazee wetu walisema zamani: mali bila daftari hupotea bila khabari. Na sote tuliokaa chuoni twajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni: aandike mwandishi mwadilifu, wawepo mashahidi, na tusichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Aya hiyo haikutosheka na kusema andikeni. Imeeleza nani aandike, nani aamuru maneno ya kuandikwa, na nani ashuhudie. Huo ndio mpango tunaousema.

MISINGI MITANO

Sasa tueleze walivyofanya. Tukiyaondoa maneno ya mafundi, tunaona misingi mitano.

Wa kwanza ni mtu mmoja, nambari moja. Kila mkaazi wa Estonia ana nambari yenye tarakimu 11. Tarakimu ya kwanza yaonyesha karne aliyozaliwa na kama ni mwanamume au mwanamke. Sita zinazofuata ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tatu ni za kumtofautisha na wenziwe wa siku ile. Na ya mwisho ni ya kuhakikisha kwamba hazikukosewa katika kuandika. Nambari hiyo si siri, wala si ufunguo wa kufungulia kitu. Ni jina tu, ila ni jina ambalo hapana mtu mwengine aliye nalo. Kadhalika kila kiwanja cha ardhi kina nambari yake, mbali na ya mwenyewe, kwa sababu mtu hufa na ardhi hubaki.

Wa pili ni khabari moja, mlinzi mmoja. Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Sheria yao ya khabari za umma, iliyopitishwa mwaka 2000 na kurekebishwa baadaye, inakataza ofisi kuanzisha daftari ya pili ya kukusanya khabari ambazo zimekwisha kukusanywa katika daftari nyengine. Mahali mtu anapokaa huandikwa katika daftari ya wakaazi. Ofisi nyengine ikitaka kujua, na ina haki ya kujua, haimuulizi mwananchi mara ya pili; huiuliza daftari ya wakaazi. Kwa hivyo khabari ikibadilika hubadilishwa mahali pamoja, na kote huwa imebadilika.

Wa tatu ni kwamba daftari hazirundikwi pamoja. Watu wengi hufikiri kuwa Estonia ina ghala moja kubwa lenye khabari za kila mtu. Sivyo. Hospitali ina yake, kodi ina yake, ardhi ina yake, na kila ofisi hulinda yake nyumbani kwake. Walichokijenga ni njia baina ya ofisi na ofisi. Njia hiyo iitwayo X-Road ilifunguliwa Disemba 2001. Mfano wake ni tarishi mwaminifu: ofisi ikitaka khabari huandika suala, hulitia sahihi na muhuri, hulifunga asilisome mtu wa njiani, na pande zote mbili hubakisha alama kwamba siku fulani, saa fulani, fulani aliuliza kitu fulani na akajibiwa. Ghala moja kubwa lingegharimu mali nyingi, na siku mwizi akiingia angelichukua lote. Njia ilikuwa rahisi zaidi, na mwizi akivunja mlango mmoja, milango mengine bado imefungwa.

Wa nne ni fahirisi. Kama kitabu kilivyo na fahirisi inayosema jambo gani liko ukurasa gani, wao wana fahirisi ya daftari zote za serikali: daftari hii ni ya nani, inakusanya nini, na kwa ruhusa ya sheria gani. Anayetaka kuanzisha daftari mpya hutazama kwanza hapo, asije akajenga kisima kando ya kisima.

Wa tano ni kwamba mwenye khabari humjua aliyezichungulia. Mwananchi wa Estonia aweza kufungua kompyuta yake akaona daktari gani alilisoma jalada lake la maradhi, na ofisi gani iliuliza anapokaa. Akimwona asiyemhusu, hushitaki. Na wapo watumishi walioadhibiwa kwa kutazama khabari za watu bila ya sababu ya kazi.

NAMNA OFISI ZILIVYOINGIA

Pengine msomaji atasema: haya ni mazuri yakisemwa, lakini ofisi zilikubali vipi? Kila mwenye ofisi huipenda daftari yake kama mtoto wake wa pekee. Ni kweli, nako hayakuwa ya siku moja.

Kwanza, walianza wakuu. Mwaka 2000 Baraza la Mawaziri la Estonia liliacha kubeba marundo ya karatasi na kuanza kufanya mikutano yake kwa kompyuta. Waziri anayefanya hivyo mwenyewe hawezi kudharauliwa na karani wake anapomwambia afanye vivyo hivyo.

Pili, walianza na jambo ambalo mtu huona faida yake mara moja. Mwaka huo huo wa 2000 wananchi waliweza kupeleka hesabu za kodi kwa intaneti. Baadaye mlipaji kodi akawa hutumiwa karatasi yake ikiwa imekwisha kujazwa, kwa kuwa khabari zote zimo tayari katika daftari nyengine. Yeye husoma, hurekebisha panapotakiwa, na hukubali. Dawa za hospitali tangu mwaka 2010 haziandikwi tena katika cheti cha karatasi. Mgonjwa huenda duka lolote la dawa na kitambulisho chake. Na tangu mwaka 2019, mtoto akizaliwa, serikali yenyewe huwatumia wazazi khabari ya posho wanayostahili. Wao hawaombi, hujibu tu kwamba wamekubali. Hata ombi la talaka, tangu Disemba 2024, laweza kupelekwa kwa kompyuta, ingawa hilo hatulitaji ili mtu alitamani.

Tatu, walifundisha watu. Vitambulisho vipya vilianza kutolewa Januari 2002, na watu wengi walivitia mfukoni wakavisahau. Benki na makampuni ya simu, ambao nao walikuwa wakitaka faida, wakachanga fedha kuwafundisha watu wazima matumizi ya kompyuta. Zaidi ya watu 100,000 walifundishwa katika muda wa miaka michache, na katika nchi ya watu milioni 1 na ushei hao si wachache. Mzee wa shamba alifundishwa na kijana, bila ya kuonewa haya.

Nne, walikuwa na mafundi wao. Tangu mwaka 1960 palikuwa na taasisi ya elimu ya kompyuta katika mji mkuu, Tallinn, na mafundi waliotoka humo ndio walioutengeneza ulinzi wa njia ile ya X-Road. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kwa wakulima, liko jambo la kutuhusu khasa. Mwaka 2000 ilianzishwa ofisi ya daftari za kilimo, na makao yake ni mji wa Tartu, wala si mji mkuu. Kila ng'ombe wa Estonia ana nambari sikioni mwake, na nambari hiyo imo daftarini. Kila shamba linaloombewa msaada limechorwa katika ramani. Mkulima huomba msaada akiwa nyumbani kwake, na ofisi haimwambii alete cheti kilichoko ofisi nyengine ya serikali. Tangu mwaka 2018 ofisi hiyo hutazama picha za setilaiti kujua kama majani ya malisho yamekatwa kama sharti linavyotaka, na kwa hivyo mkaguzi hana haja ya kukanyaga kila shamba.

Majirani walipoona, waliiga. Ufini, ambayo ni tajiri zaidi, iliichukua njia hiyo hiyo, na mwaka 2017 nchi hizo mbili zikaunda taasisi moja ya kuitunza. Katika Afrika, Benin imejenga njia ya namna hiyo kwa kushirikiana na mafundi wa Estonia.

MISUKOSUKO

Hatutaki mdhani kwamba mambo yalikwenda kama maji mteremkoni. Mwishoni mwa Aprili 2007, baada ya serikali kuihamisha sanamu ya askari wa Kisovieti iliyokuwa katikati ya Tallinn, maadui waliimiminia mitandao ya serikali, ya benki na ya magazeti maombi ya uwongo kwa wingi hata njia zikaziba kwa siku nyingi. Waestonia wakajifunza kwamba daftari iliyo mahali pamoja tu ni daftari iliyo katika khatari. Mwaka 2017 walifanya mapatano na nchi ya Luxembourg, nakala za daftari zao zilizo muhimu ziwekwe huko, mahali penye heshima ya ubalozi. Nchi ikipatikana na balaa, daftari zake zitakuwapo.

Mwaka huo huo wa 2017 wataalamu wa nje waligundua kasoro katika vitambulisho vyao, karibu 760,000. Serikali haikulificha jambo hilo. Iliwatangazia wananchi mwanzoni mwa Septemba, na mwanzoni mwa Novemba ikazuia matumizi ya vitambulisho hivyo katika kompyuta mpaka kila mtu atengenezewe chake. Wengi walidhani kwamba watu wangeuacha mpango wote. Hawakuuacha. Mtu huweza kumsamehe karani aliyemwambia kweli mapema. Asiyeweza kumsamehe ni yule aliyemficha mpaka akasikia sokoni.

BASI SISI TUCHUKUE LIPI?

Sasa turudi nyumbani. Chama chetu si serikali, wala hatuna mafundi wa Tallinn. Lakini tazameni ile misingi mitano: hapana hata mmoja unaohitaji umeme. Kompyuta huufanya uende mbio, ila wenyewe ni mapatano baina ya watu. Wenye kompyuta nzuri wasiopatana watapata fujo inayokwenda mbio. Waliopatana wataanza na kalamu na kabati lenye kufuli.

Pendekezo litakaloletwa mbele yenu ni hili. Kila mwanachama apewe nambari moja, isiyobadilika wala kupewa mwengine hata akifa. Kila shamba liwe na nambari yake, na hapa panahitaji uangalifu kuliko Estonia, kwa sababu kwetu mwenye ardhi si lazima awe ndiye mwenye mti. Iko mikarafuu ya mtu katika ardhi ya mtu mwengine, iko ya wakfu, na ziko eka tatu walizopewa wazee baada ya mwaka 1964 ambazo leo zina warithi wengi. Kwa hivyo daftari ya mashamba itakuwa na mahali mbali pa ardhi na mahali mbali pa miti, pasichanganywe.

Jina, mtaa na mrithi wa mwanachama vitaandikwa katika daftari ya wanachama tu, na mlinzi wake ni ofisi ya chama. Miti na miche itaandikwa katika daftari ya mashamba, na mlinzi wake ni karani wa tawi, kwa kuwa yeye ndiye aliye karibu na shamba. Karani wa mizani hataandika tena majina. Ataandika nambari, uzito na daraja la karafuu. Karani wa mikopo naye ataandika nambari. Nakala ya daftari zote itawekwa mbali na ofisi, kama waliyoiweka wao Luxembourg, ila yetu yatosha kuwekwa katika tawi jengine, ili moto au mvua ya paa linalovuja visituache mikono mitupu.

Faida yake ni ipi? Tuseme amekufa mwanachama, ameacha mjane na watoto. Mjane ana thumni yake katika miti, na watoto wana mafungu yao. Lakini karafuu bado zapimwa kwa jina la marehemu, anazileta ndugu yake, na fedha anazipokea yeye. Pengine ni mtu mwema na anazifikisha, pengine sivyo. Pakiwa na daftari moja yenye mlinzi mmoja, siku hati ya mirathi kutoka kwa Kadhi inapofika ofisini, jina hubadilishwa mahali pamoja, na kuanzia siku ile mizani yote itawajua wenye haki. Zikiwa daftari tano, itampasa mjane huyo, naye yumo katika huzuni, azunguke mara tano, na pale alipopasahau haki yake itaendelea kupotea msimu hadi msimu.

Tena tutazame miche. Tunaigawa kila mvua inapokuwa nzuri, na mkarafuu huchukua miaka kabla ya kuzaa. Bila ya nambari ya shamba hatuwezi kujua mche uliotoka bustani ipi umeshika na upi umekufa, wala katika udongo gani. Tukijua, mwaka unaofuata mtapewa miche iliyo bora.

LILE SUALA ZITO

Limebaki suala la nani atachungulia. Hatutaki kuliruka, kwa sababu hofu hiyo si ya kijinga. Daftari inayosema mtu ana mikarafuu mingapi yaweza kuwa neema, na yaweza kuwa silaha katika mkono wa mkopeshaji mwenye tamaa, au wa jamaa mwenye kesi, au wa jirani mwenye choyo. Waestonia wenyewe hawakuambiwa waamini tu. Walipewa njia ya kumwona aliyetazama. Imani bila ya njia hiyo ni kuwataka watu walale mlango wazi.

Kwa hivyo pendekezo lina masharti ambayo tunaomba myasome kwa makini kuliko mengine yote. Kabati la daftari litakuwa na kitabu chake cha sahihi. Kila atakayefungua ukurasa wa mwanachama, awe karani, mjumbe wa kamati, au sisi Katibu, ataandika jina lake, tarehe, na sababu. Mwanachama yeyote ataweza kuja siku yoyote ya kazi akaomba kuona nani aliufungua ukurasa wake, na haruhusiwi mtu kumuuliza kwa nini anataka kujua. Asiyejua kusoma atasomewa mbele ya shahidi amtakaye. Khabari za mwanachama hazitatolewa nje ya chama bila ya idhini yake mwenyewe, isipokuwa kwa amri ya mahakama. Na mtumishi atakayefungua bila ya sababu, au akafungua asiweke sahihi, ataletwa mbele ya Mkutano Mkuu.

Wako watakaosema kwamba masharti haya yatachelewesha kazi. Yatachelewesha kidogo, kweli. Lakini fikirini: daftari tulizo nazo leo, kama zilivyo katika vyama vingi, aliyezitazama jana hajulikani. Mpango mpya hauleti macho mapya. Unayatia jina macho yaliyokuwapo.

Wale wanaoona bado mapema, na waje waseme. Tutafurahi kuwasikia, maana masharti hutengenezwa na wanaoogopa kuliko na wanaotumaini. Wakiona sharti lililosahauliwa, walilete. Jambo moja tu tunaomba: asikae mtu nyumbani kisha akalalamika barazani. Estonia haikufaulu kwa sababu ya mashine. Ilifaulu kwa kuwa watu wachache walikaa pamoja wakapatana kuwa kila neno litaandikwa mara moja, mahali pake, na mlinzi wake. Na kuwa mwenye neno atabaki kuwa mwenyewe.

Makaratasi ya pendekezo yatapatikana katika kila tawi wiki mbili kabla ya mkutano, na makarani wameagizwa kuwasomea wanaotaka kusomewa. Kila mmoja aje na kadi yake ya uanachama, na anayejua kwamba jina lake limeandikwa sivyo, au shamba lake lina mgogoro wa mpaka au wa mirathi, alete khabari hiyo kwa maandishi sasa, kabla msimu haujaanza na majamvi hayajatandikwa.

Wabillahi taufiki.

Katibu wa Chama